Migongo ya Komeo

Nchi ninayoisimulia hapa haina jina, na kama inalo mimi silijui, kwa hiyo msisumbuke kuitafuta kwenye ramani wala kuchungulia dirishani. Iko mbali. Watu wake ni wapole, serikali yake ni sikivu, na mimi niliyeishi humo sikuwahi kuwa na lalamiko lolote. Nilikuwa na woga tu, na huo nao haukuwa wangu peke yangu. Tuligawiwa wote bila upendeleo.

Jina langu ni Sefania Mkumbo, fundi mizani. Kazi yangu ni kupita madukani na mabuchani nikiwa na mfuko wa mawe ya chuma, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Mfuko ni mzito, kazi ni ya halali, na siasa siijui.

Mambo yalianza Mlezi Mkuu, ndivyo tunavyomwita kiongozi wetu, aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo. Huko aliambiwa kwamba mataifa yaliyoendelea yana watu wanaokusanya sanaa ya kidijitali, yaani michoro inayokaa kwenye simu na kompyuta, na kwamba umiliki wake huandikwa kwenye blokcheni. Alieleza mwenyewe redioni maana ya neno hilo. Blokcheni, alisema, ni kumbukumbu inayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kitu kikishaandikwa humo hakifutiki, na dunia nzima inaona nani ana nini. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mpaka alipofika kwenye hayo mawili ya mwisho, ndipo akayarudia taratibu, kwa furaha.

Kabla hajatoka uwanja wa ndege, Wizara ya Mapenzi ya Sanaa ilikuwa imeshaundwa. Kila raia akapewa pochi, si ile ya kutia mfukoni bali ya ndani ya simu, inayohifadhi michoro yake. Kisha tukaagizwa kila mmoja agundue msanii wake kipenzi, kwa hiari yake, kabla ya mwisho wa mwezi. Atakayeshindwa kugundua kwa hiari atasaidiwa.

Kata yetu ililetewa Afisa Mapenzi, Bwana Mashinga, mtu mnene mwenye suti ya kaki na sauti ya mhubiri. Alitukusanya mbele ya ofisi ya kata.

"Ndugu wananchi," alisema, "mapenzi ni jambo la moyoni. Na mioyo yote ya kata hii, kuanzia leo, iko chini ya ofisi yangu. Pendeni kwa uhuru! Pendeni bila woga! Majina ya wanaopendeka yamebandikwa ukutani."

Ukutani palikuwa na jina moja. Mlezi Mkuu alikuwa amechora jua kwa kidole chake mwenyewe, na watu wenye akili zao waligundua siku hiyohiyo kwamba huyo ndiye msanii waliyekuwa wakimtafuta maisha yao yote. Mtaa mzima ukawa na jua lilelile kwenye pochi.

Kulikuwa na kifungu kimoja cha sheria ambacho Bwana Mashinga alikisoma haraka, nami naomba mkishike. Kazi ya sanaa isiyo na mmiliki ni mzigo wa msanii aliyeichora. Ikishapata mmiliki, lolote litakaloonekana baya ndani yake linamwangukia mmiliki, na msanii haguswi mpaka mmiliki amtaje. Tulipiga makofi, kama tulivyopigia makofi vifungu vingine.

*

Kosa langu ni kwamba mimi nilitafuta kweli. Nimezoea kupima kitu kabla sijakitia muhuri, na niliona aibu kusema nampenda mtu ambaye sijampima. Basi kila nikishakunywa chai ya jioni nilikaa na simu, nikapitia michoro ya dunia nzima. Niliona nyani waliovaa miwani, majumba yanayoelea, wanawake wenye macho ya dhahabu. Sikuguswa.

Ndipo nikakutana na msanii aliyejiita Komeo.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa mistari mitupu, myeusi, bila rangi. Mwanamume amesimama mlangoni, tunamwona kwa nyuma. Ameshika mfuko. Bega lake la kulia limeshuka chini kuliko la kushoto, na shati lake lina kiraka mgongoni. Kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwapo. Na mistari yote, kila ilipofika mahali fulani katikati, ilikatika kidogo halafu ikaendelea upande wa pili. Chini yake paliandikwa jina la mchoro: "Anapita."

Sijui niwaambie vipi. Nilimhurumia sana yule mtu. Niliujua uchovu wake. Nilitamani ageuke nimpe pole. Nikabonyeza, mchoro ukawa wangu, na jina langu likaandikwa chini yake. Nikatafuta mingine. Mtu yuleyule anavua viatu, kwa nyuma. Mtu yuleyule anachota maji mtungini, kwa nyuma. Mtu yuleyule amesimama akitazama ukuta na hakuna kitu ukutani. Yote iliitwa "Anapita." Nikaikusanya yote.

Nilipokwenda kumsajili kipenzi changu, Bwana Mashinga aliweka kalamu chini.

"Komeo? Si Mlezi Mkuu?"

"Komeo, mheshimiwa."

"Umempenda kweli?"

"Kweli, mheshimiwa."

"Yaani kweli kweli? Moyoni?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Hata hivyo fomu ilisema kwa uhuru, kwa hiyo akanigongea muhuri na kunipa cheti: Mkusanyaji wa Kwanza wa Komeo Nchini. Nilikitundika sebuleni.

*

Komeo akapata jina. Watu wa ng'ambo waliandika kurasa ndefu kuhusu mistari yake inayokatika. Mmoja alisema ni ukimya wa bara zima. Sifa hizo zikafika Ikulu, na Mlezi Mkuu akaagiza aonyeshwe. Alitazama mchoro mmoja, wa pili, wa tatu, akauliza swali moja tu:

"Kwa nini huyu mtu amenipa mgongo?"

Kufikia alasiri swali hilo lilikuwa limeshageuka kosa la jinai.

Redio ikatangaza kwamba Komeo ni adui anayewafundisha wananchi kuipa serikali mgongo. Daktari wa falsafa alihojiwa, akathibitisha kwamba mistari ile inayokatika ni mpango wa kuikata nchi vipande viwili, na kwamba bega lililoshuka linaashiria uchumi. Kisha ukasomwa uamuzi wa Wizara. Msanii amejificha, lakini mgongo hauwezi kujificha. Atafutwe mwenye mgongo ule, bega la kulia chini, kiraka upande wa kushoto. Huyo ndiye atakayeeleza nani alikuwa nyuma yake, na wamiliki wa michoro watafuata kwa zamu yao.

Nilijaribu kuitoa michoro kwenye pochi. Haikutoka. Nikaizima simu, nikaiweka ndani ya pipa la unga, nikajua wazi kwamba ninafanya ujinga, maana jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye kompyuta za dunia nzima na hazikuwa ndani ya pipa. Nilikishusha cheti ukutani, nikakaa nacho mapajani.

Mke wangu Yunisi ndiye aliyeifukua simu alipotaka kupika ugali. Akaifuta unga, akaiwasha, akatazama michoro mmoja baada ya mwingine. Sikuwahi kumwonyesha. Niliona anakaa chini taratibu.

"Baba Eliza," akasema. "Huyu si wewe?"

"Nani?"

"Huyu. Hili si shati lako? Hiki kiraka si nilikishona mimi?"

Nikamwambia aache utani. Akanivuta mpaka kwenye kioo, akashika kioo kingine kidogo nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikauona mgongo wangu. Bega la kulia lilikuwa chini. Miaka yote ya mawe ya mizani. Yule mtu niliyemhurumia alikuwa mimi mwenyewe.

"Sasa nani ananitazama hivi?" nikauliza. "Nani yuko nyuma yangu siku zote?"

Yunisi alikishusha kioo. Aligeuza macho kuelekea chumba cha uani, nami nikayafuata.

*

Chumba cha uani anaishi mama mkwe wangu.

Labda kwenu mambo yamebadilika. Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye chakula, wala hatamki jina lake. Tangu alipohamia kwetu sijamwona uso. Nikitaka kupita uani nakohoa, naye anainua komeo la mlango wake ili nijue kwamba yuko pale. Basi mimi ninageuka, ninampa mgongo, ninapita upande upande nikitazama ukuta. Akinisalimu naitikia kuelekea ukutani. Hiyo ndiyo heshima, na mimi nilijivunia kwamba sijawahi kuikosea.

Sikuwahi kufikiri yeye anaona nini.

Yunisi alimpa simu yake ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka katikati, ili azungumze na ndugu zake. Mama mkwe hana ndugu wengi waliobaki. Akaanza kuchora kwa kidole na kuweka michoro mtandaoni, na kidole kilipofika kwenye ufa kioo hakikuhisi kitu, mpaka kivuke upande wa pili. Huo ndio ukimya wa bara zima.

Nikaenda uani. Nikakohoa. Komeo likainuliwa. Nikageukia ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimeisikia redio."

"Ndiyo, mama."

"Sikukusudia ubaya. Hapa nilipo sina kingine cha kutazama. Napenda unavyopita. Wakikukamata, baba, nitaje. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Usiumie kwa ajili yangu."

"Mama, sitakutaja."

"Watakupiga."

"Hata wakinipiga. Jina lako sijawahi kulitamka hata siku moja. Sidhani kama ulimi utaliweza."

Nilimsikia akilia, na mimi nilikuwa nimeukumbatia ukuta nikilia vilevile, kila mtu upande wake, kwa heshima.

*

Siku zilizofuata hakuna mtu katika mji wetu aliyemwonyesha mwenzake mgongo. Mimi nilitoka mabuchani kinyumenyume, nikidhani niko peke yangu, mpaka nikagongana na mchungaji anayetoka dukani kinyumenyume. Sokoni watu walijibanza kwenye kuta. Kila mmoja alikuwa na bega analoliogopa. Mashati yenye viraka yalichomwa moto, na mafundi cherehani walioshona viraka walihama.

Bwana Mashinga alikuja nyumbani kuniuliza, kirafiki tu, kama kuna kitu ninakijua. Nilimjibu nikiwa nimeegemea ukuta. Aliuliza huku ameegemea mlango. Alipoaga aliondoka kinyumenyume mpaka barabarani, akaangukia mtaroni. Hapo nikajua kwamba na yeye anaogopa, na hilo halikunifariji hata kidogo. Mtu anayeogopa ndiye anayewasaliti wenzake haraka.

Kisha ikatangazwa siku ya Ukaguzi wa Migongo. Raia wote wa mji tukusanyike uwanja wa mpira, tulipe jukwaa kuu migongo, wakaguzi watupitie. Mlezi Mkuu mwenyewe alirekodi onyo, likapigwa redioni asubuhi na jioni: "Yeyote atakayegeuza uso kabla jina lake halijaitwa, ajue amekiri. Hata akisikia sauti inayomwambia ageuke, asigeuke. Adui ana sauti nyingi."

Yunisi alinishonea pedi ya pamba chini ya shati, bega la kulia, mpaka mabega yakawa sawa. "Usitoe jasho," akaniambia, "pamba italala." Nikaanza kutoa jasho palepale.

*

Tulisimama uwanjani, maelfu, tukitazama ukuta wa nyuma ulioandikwa tangazo la soda. Jua lilikuwa kali. Nilihisi pamba inalowa, inashuka. Kila mtu aliyenizunguka alikuwa amelinyanyua bega la kulia kwa nguvu, mpaka uwanja mzima ukalalia kushoto. Mama mmoja mbele yangu alikuwa akisali bila sauti. Nyuma yetu tulisikia wakaguzi wakianza na mistari ya karibu na jukwaa, na kila walipotaja jina mtu aliitika kwa sauti ya mtoto.

Nikaanza kuhesabu watu waliobaki kati yangu na wao, nikaacha. Nikafikiria lile jina la mama mkwe. Nilijaribu kulitamka moyoni ili nijue kama litatoka nikibanwa. Lilikuwa hapo, limeiva, kwenye ncha ya ulimi. Nilidhani ulimi utakataa, kumbe ulikuwa tayari. Sijawahi kujiogopa kama saa ile.

Mara ving'ora. Mlezi Mkuu amekuja kujionea.

Mwelewe kwamba yule bwana hakuwa amewahi kuingia mahali bila nyuso na makofi. Alipanda jukwaani, na mbele yake akakuta mji mzima umempa mgongo, umelalia kushoto, kimya. Ule mchoro mmoja uliomsumbua ulikuwa sasa umejaa uwanja wa mpira.

Tukasikia kipaza sauti kikikwaruza.

"Wananchi," akasema. "Geukeni."

Hakuna aliyegeuka.

"Nimesema geukeni! Ni mimi!"

Nilitaka kutii. Naapa nilitaka, mwili wangu wote umefundishwa kutii. Lakini ni yeye aliyetuambia tusimwamini hata yeye, na sheria ya kwanza ilikuwa na adhabu, hii ya pili ilikuwa na sauti tu. Miguu ilikataa. Maelfu ya miguu ikakataa.

"Nawaamuru!" Sasa sauti ilipanda juu sana. "Mnataka nini? Nani amewatuma? Geukeni basi! Tafadhali!"

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kwake, na ndilo lililotuhakikishia kwamba si yeye. Tukakaza shingo. Kiti kikaanguka. Milango ya magari ikagongwa, ving'ora vikaondoka, vikaisha.

Tuliendelea kusimama. Baada ya muda mrefu muuza karanga akazunguka mpaka mbele yetu, akatutazama nyuso kwa mshangao.

"Jamani, mnasubiri nini? Huko nyuma hakuna mtu."

Hata hivyo hatukugeuka. Tuliondoka mmoja mmoja, kinyumenyume kwanza, halafu kwa kukimbia.

*

Msidhani kwamba serikali ilianguka. Serikali sikivu haianguki, inatoa ufafanuzi.

Kila tukio la Mlezi Mkuu hupigwa picha na kuingizwa moja kwa moja kwenye blokcheni, kwa amri yake. Picha ya uwanja ule ikawa imeingia, na haifutiki. Wizara ilikaa siku kadhaa, kisha Bwana Mashinga akatukusanya tena, suti imepigwa pasi.

"Ndugu wananchi, mmefaulu! Kumpa kiongozi mgongo ni kumwonyesha njia, ni kumwambia twende, tuko mbele yako. Hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa. Kuanzia leo tutamlaki hivyo. Komeo ni shujaa wa taifa, ajitokeze apewe nishani. Kinachokatazwa sasa ni uso. Uso ni dalili ya kutaka majibu. Atakayechora uso, au kuuhifadhi, asitulaumu."

Tulipiga makofi, tumempa mgongo.

Yunisi alicheka jioni ile, kicheko chembamba kilichokosa pumzi. Mtu wa mwisho kuitwa kuchukua nishani alikuwa jirani yetu, na mkewe bado anamwekea chakula. Nikaenda uani kumwonya mama mkwe asijitokeze. Nikakohoa. Komeo likainuliwa. Nikageukia ukuta, nikamweleza.

"Sitajitokeza," akasema. "Lakini baba, nina ombi. Nimechoka na mgongo wako. Ule uwanja wote ulikuwa migongo. Geuka nikuone."

"Mama, si heshima."

"Najua. Geuka."

Uwanjani niliweza kumkatalia Mlezi Mkuu. Yeye sikuweza. Nikageuka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mdogo kuliko sauti yake, na macho yake ni ya Yunisi. Tulitazamana tu. Kisha akarudisha mlango.

Asubuhi, Komeo alikuwa ameweka mchoro mpya. Ulikuwa uso. Uso wangu, mistari myeusi mitupu, na ule ufa wa kioo ulipita katikati ya mdomo ukaukata. Macho yalikuwa wazi mno. Nilijua kwamba ninaogopa, lakini sikujua kwamba ninaogopa kiasi kile, na kwamba mtu akinitazama anakiona chote. Chini yake paliandikwa: "Ameniona."

Mchoro haukuwa na mmiliki.

Kwa hiyo ulikuwa mzigo wake yeye. Redio jikoni ilikuwa inasoma adhabu ya nyuso. Nilisoma tena kile kifungu, nikatumaini kimebadilishwa. Hakikuwa kimebadilishwa. Kidole kikakosa kitufe mara ya kwanza. Nikabonyeza tena. Jina langu likatokea chini ya uso wangu, Sefania Mkumbo, jina kamili, kwa dunia nzima, daima.

Sikuwa nimemaliza hata kikombe cha chai.

"Hodi," ikaita sauti nje, sauti ya mhubiri ya Bwana Mashinga.

Nyuma yangu nikasikia komeo la uani likiinuliwa. Mama mkwe alikuwa ametoka kabisa, amesimama kwenye mwanga, ameshika simu yake iliyopasuka, mdomo wake uko tayari kusema. Nikamtikisia kichwa asiseme. Nikamtazama mara moja zaidi, ili nimkumbuke. Kisha nikageuka nikampa mgongo, kwa heshima zote, bega la kulia chini, nikaenda kufungua mlango.